Mashine za Ruzizi na seli za ubongo

Maji ya Ziwa Kivu yana mlango mmoja wa kutokea: Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu na kuteremka hadi Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji waliujengea kituo cha kwanza cha umeme, Ruzizi I. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, mikononi mwa SINELAC, shirika la pamoja la Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi. Siasa za nchi hizi tatu zimevunjika mara ngapi! Mitambo yao imeendelea kwenda sambamba, mawimbi 50 kila sekunde.

Mashine haiingizwi kwenye mtandao hivi hivi. Fundi hutazama mshale unaozunguka kwenye kipimo, unaoonyesha kama mashine imetangulia au imebaki nyuma. Husubiri mshale uende polepole kabisa, na unapofika juu katikati ndipo anafunga swichi. Akikosea, mshtuko unaweza kuharibu mhimili.

Baada ya hapo hakuna anayezishikilia mashine. Inayotangulia hubebeshwa mzigo zaidi, ikapunguza mwendo. Inayochelewa hupunguziwa, ikazifikia nyingine. Lakini tofauti ikipita robo ya wimbi, nguvu ya kuirudisha huanza kupungua, na mashine huweza kuchomoka. Hapo sehemu za Bukavu kama Kadutu na Ibanda zinaweza kulala gizani mto ukiwa umejaa.

Hesabu za jambo hili ni ndugu wa karibu wa hesabu za ubongo. Mwaka 1975 Yoshiki Kuramoto wa Japani alionyesha kwamba vitu vingi vyenye mapigo tofauti huanza kwenda pamoja ghafla, pale tu mvuto kati yao unapovuka kiwango fulani. Mwaka 1990 Renato Mirollo na Steven Strogatz walithibitisha kwamba seli za mfano zinazosukumana kwa ishara za papo hapo huishia kupiga kwa pamoja. Kisha 1994 likaja jambo linalonishangaza hadi leo: van Vreeswijk, Abbott na Ermentrout walikuta kwamba ishara ikichelewa kupanda, seli zinazochocheana huachana, na zinazozuiana ndizo zinazoshikamana.

Ubongoni mshikamano huo ukizidi huweza kuwa shambulio la kifafa. Dawa kama kabamazepini huupunguza kwa kubana mkondo wa sodiamu, uleule ambao Hodgkin na Huxley waliuandikia hesabu mwaka 1952 kutokana na neva ya ngisi.