Koboko na Deni la Amin

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe virago. Arua nako, katika mkoa wa West Nile, maduka ya Wahindi yalibaki bila wenyewe. Hata waliokuwa na uraia wa Uganda hawakusalimika, wengi wao makaratasi yao yalikataliwa.

Kwa kuwa baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko, wengi hudhani West Nile nzima ilikula naye sahani moja. Haikuwa hivyo. Michael Ondoga, Mlugbara wa huko, alikuwa waziri wake wa mambo ya nje. Alifukuzwa kazi mapema 1974, na Machi maiti yake ikaopolewa katika Mto Nile. Mwezi huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa mwenzake Amin, alikufa katika jaribio la kumpindua.

Ila hao walikuwa watu wa serikali na bunduki. Mimi namtazama zaidi Silvanus Wani, askofu wa Kianglikana wa Madi na West Nile, naye Mkakwa. Usiku wa Februari 5, 1977, askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum pale Namirembe, wakamwekea mtutu tumboni huku wakidai wanatafuta silaha. Siku tano baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia upekuzi huo na mauaji ya raia, na Wani akatia sahihi. Kutia sahihi barua ile ukiwa Mkakwa, huku mtawala ni wa kabila lako, si jambo dogo. Februari 16 Luwum aliuawa. Aliyechaguliwa kukalia kiti chake alikuwa Wani.

Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini West Nile haikupumua. Oktoba 1980 waasi, wengi wao waliokuwa askari wa Amin, walishambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, likaja kulipiza kisasi kwa wanakijiji. Kuwa Mkakwa au Mlugbara kukawa kosa tosha. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan.

Waliobaki karibu na Arua walikimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, wakaamini kwamba padri na Msalaba Mwekundu ni kinga. Juni 24, 1981, askari wa serikali waliingia humo wakawamiminia risasi raia waliojibanza, wanawake na watoto wakiwemo.

Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo, ya Rais Obote, ilipitisha sheria ya kuwarudishia Waasia mali walizonyang'anywa na Amin. Ilikuwa sheria ya haki. Lakini siku sheria hiyo ilipopitishwa, mwenye shamba wa Koboko alikuwa bado amejikunyata kambini ng'ambo ya mpaka, bila sheria ya kumrudishia hata jembe.

Ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila na kuzaliwa. Ombaci ilikuwa imekwisha kuzika watu wake miaka 14 kabla.