Dawa ileile, fuwele nyingine: kisa cha ritonaviri

Katikati ya mwaka 1998, kampuni ya Abbott, yenye makao yake karibu na Chicago nchini Marekani, ilianza kupata kapsuli zinazofeli mtihani. Mtihani wenyewe ni rahisi kuuelewa: kapsuli inatumbukizwa kwenye kimiminika, kisha mtu anapima ni kiasi gani cha dawa kimemumunyika baada ya muda fulani. Kapsuli hizo ziliuzwa kwa jina la Norvir, zilikuwa dawa ya VVU, na ndani yake kulikuwa na kemikali inayoitwa ritonaviri. Tangu 1996 mafungu 240 yalikuwa yametengenezwa bila shida. Sasa fungu moja linafeli, linafuata la pili, la tatu.

Ungedhani kuna uchafu umeingia, au mtu amekosea kupima. Hapana. Walipochunguza kwa hadubini na kwa eksirei waliikuta molekuli ileile, atomi kwa atomi, zote 98. Kilichobadilika ni namna molekuli zilivyojipanga zikiwa pamoja. Ilikuwa imetokea fuwele mpya ya ritonaviri ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona, na haikuwa inamumunyika vizuri kama ile ya zamani.

Kwa sisi tuliosoma kemia ya ogani, kisa hiki kinachoma kidogo. Tunatumia miaka kuchora molekuli moja moja ubaoni, huu mzunguko wa benzini, hii kabonili, na tukimaliza kuchora tunaona tumeshaijua dutu. Lakini hakuna mgonjwa anayemeza molekuli moja. Na wanakemia walikuwa wameshaonyeshwa hilo miaka zaidi ya 160 kabla ya Norvir.

Mwaka 1832, Wajerumani wawili, Friedrich Wöhler na Justus von Liebig, walikuwa wanafanya kazi na benzamidi, molekuli ndogo yenye mzunguko wa benzini na kundi la amidi. Waliimumunyisha kwenye maji ya moto, wakaacha ipoe. Zikatokea sindano nyembamba nyeupe zinazong'aa kama hariri, zimejaa chombo kizima. Wakaziacha. Baada ya muda, mahali pengine saa kadhaa, pengine siku, sindano zile zikaanza kuliwa: katikati yake palitokea fuwele nene zenye pande bapa, nazo zikakua mpaka sindano zikatoweka. Hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Wakaandika walichokiona, na hawakuwa na njia ya kueleza kwa nini.

Njia ilikuja karne iliyofuata. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na mwaka uliofuata William Henry Bragg na mwanawe Lawrence wakaanza kutumia mpangilio huo kujua atomi zimekaa wapi. Walianza na vitu kama chumvi na almasi. Molekuli ya ogani ilisubiri hadi 1923, Roscoe Dickinson na Albert Raymond walipotatua muundo wa heksamini huko California. Halafu mwaka 1929 Kathleen Lonsdale, akiwa Leeds, akachapisha muundo wa heksamethilibenzini na kuonyesha kwamba mzunguko wa benzini ni bapa. Ubishi wa miongo mingi ukaishia kwenye hesabu alizozifanya kwa mkono. (Yangu yakichukua dakika kumi kwenye kompyuta mimi nalalamika.)

Kazi hizi zilionyesha kwamba kwenye fuwele za aina hii molekuli hubaki molekuli. Kwenye chumvi ya mezani huwezi kusema sodiamu hii ni ya klorini ile. Ni gwaride moja kubwa la ioni. Kwenye fuwele ya benzamidi au heksamini, kila molekuli ni kitu kamili chenye mipaka yake, na kinachozishikilia pamoja ni nguvu dhaifu. Kukata bondi ya kaboni kwa kaboni kunahitaji takriban kilojuli 350 kwa moli. Bondi ya hidrojeni kati ya molekuli mbili, ile ambayo hidrojeni iliyofungwa kwenye naitrojeni au oksijeni inavutwa na oksijeni ya jirani, mara nyingi ni kama 20. Mvutano wa kawaida kati ya sehemu zisizo na chaji ni mdogo zaidi ya hapo. Basi kwa kuwa mvutano ni dhaifu, kunaweza kuwa na zaidi ya njia moja ya kupanga molekuli zilezile, na tofauti ya nishati kati ya njia hizo mara nyingi ni kilojuli chache tu. Wataalamu wanaziita polimofi.

Watu wa dawa walilijua hili, kwa maneno angalau. Mwaka 1965 Walter McCrone, bingwa wa hadubini wa Chicago, aliandika kwamba idadi ya polimofi zinazojulikana za dutu yoyote inaendana na muda na pesa zilizotumika kuzitafuta. Mwaka 1995, mwaka mmoja kabla Norvir haijaingia sokoni, Jack Dunitz na Joel Bernstein walichapisha makala kuhusu polimofi zinazotoweka: maabara inatengeneza fuwele fulani kwa miaka, siku moja inatokea nyingine iliyo imara zaidi, na kuanzia hapo ile ya zamani haipatikani tena. Baadhi ya wanakemia waliviona visa vya namna hiyo kama hadithi za vijiweni.

Ritonaviri nayo ilikuwa na haraka, na haraka hiyo ilikuwa na sababu. Watu walikuwa wanakufa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiidhinisha Machi 1, 1996, siku 72 tu baada ya maombi kupelekwa. Ikiwa poda kavu haifyonzwi vizuri mwilini, kwa hiyo Abbott waliitengeneza ikiwa imemumunyishwa kwenye mchanganyiko wa ethanoli na maji, iwe dawa ya kunywa au ya ndani ya kapsuli. Na kwa kuwa dawa imeshamumunyika, nani ajali umbo la fuwele? Haikutakiwa kulidhibiti. Mimi hapo siwalaumu. Ningekuwa kwenye kikao hicho ningenyoosha mkono kukubali.

Tatizo ni kwamba kiasi kilichomo kwenye kapsuli kilipimwa kwa kufuata fuwele iliyojulikana, tuiite Umbo la I. Kwa fuwele hiyo mmumunyo ulikuwa salama, haujafika ukomo wake. Kwa Umbo la II, ambalo lilikuwa bado halijatokea, mmumunyo uleule ulikuwa na dawa mara nne ya kinachoweza kukaa humo. Ilikuwa inasubiri tu punje ya kwanza.

Kwa nini punje hiyo ilichelewa hivyo? Hapa ndipo muundo wa fuwele unapoeleza mambo vizuri kuliko hadithi yoyote. Ritonaviri ni molekuli ndefu, inayoweza kujikunja sehemu nyingi. Kwenye Umbo la I inakaa katika mkunjo wake wa kawaida, lakini si kila kundi linaloweza kutoa au kupokea bondi ya hidrojeni linapata mwenzi; ni kama ngoma ambayo baadhi ya watu wamebaki mikono mitupu. Kwenye Umbo la II kila mmoja ameshikwa. Ila ili kufika huko, sehemu moja ya molekuli, kundi la kabamati, lazima ipinde upande ambao kwa kawaida haiupendi. Ikiwa peke yake kwenye mmumunyo, ni molekuli chache sana zinazopinda hivyo, na kwa fuwele kuanza zinahitajika nyingi zikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja. Gharama ya kujipinda inalipwa baadaye na bondi zote zile, lakini lazima kwanza uilipe.

Watafiti wa Abbott baadaye waliona kwamba kuna aliyesaidia kulipa. Ritonaviri ikiharibika kidogo hutoa kemikali nyingine ambayo kabamati yake imefungwa kwenye duara, kwa hiyo imeshapinda upande ule ule unaotakiwa. Dutu hiyo inajipanga kwa namna inayofanana na Umbo la II, na inaelekea punje yake ndiyo iliyotoa mfano wa kwanza.

Ukishakuwa na punje moja, mambo hubadilika. Umewahi kuona asali ikiganda? Watu husema imechakachuliwa, kumbe ni glukosi yake imejipanga kuwa fuwele. Sasa mimina asali mpya kwenye chupa yenye mabaki ya ile iliyoganda: nayo inaganda mapema, kwa sababu imekuta mbegu. Kiwandani ikawa hivyohivyo, isipokuwa mbegu ya ritonaviri ni vumbi lisiloonekana. Ndani ya wiki chache Umbo la II lilikuwa limeenea. Abbott walikuwa na kiwanda kingine Italia ambacho kilikuwa bado salama. Kikundi cha wanasayansi kilichokuwa kimeshika Umbo la II kikaenda huko kwa ziara ya kikazi. Muda mfupi baadaye, Umbo la II likaanza kuonekana Italia.

Upande wa pili wa meza walikuwepo wagonjwa. Kapsuli ziliondoka sokoni na waliokuwa wanazitumia wakahamishiwa kwenye dawa ya kunywa, yenye ladha mbaya inayong'ang'ania mdomoni. Mtu unamwambia anywe hiyo kila siku bila kukosa, maana ukikosa kosa virusi vinajenga usugu. Mwaka 1999 ilitoka kapsuli mpya laini, ritonaviri ikiwa imemumunyishwa kwenye mchanganyiko mwingine wenye asidi ya oleiki, ambao Umbo la II nalo linakubali kumumunyika humo. Ila kapsuli hizo zilitakiwa kukaa kwenye friji. Ile ya kunywa, kinyume chake, ilikatazwa kuwekwa kwenye friji, ili isije ikatoa fuwele.

Sharti hilo la friji ndilo linalokifikisha kisa hiki kwetu. Wakati huo ritonaviri ilikuwa imepata kazi mpya: kwa dozi ndogo inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingine, hivyo dawa hizo zinadumu mwilini. Mwaka 2000 Abbott walitoa Kaletra, yaani lopinaviri pamoja na ritonaviri, nayo ikiwa kapsuli laini. Nje ya friji ilivumilia miezi miwili tu, na joto lisizidi nyuzi 25. Dar es Salaam mwezi Februari hata usiku wa manane joto linaweza lisishuke chini ya hapo. Kwa mgonjwa ambaye dawa za mwanzo zimeshindwa, anayeishi kijijini bila umeme, sharti la friji lilikuwa kama kuambiwa dawa ipo lakini si yako.

Suluhisho lilikuja kwa kuikwepa fuwele kabisa. Ritonaviri na lopinaviri zilichanganywa na polima kwa joto, zikasukumwa kupitia mashine kama unavyosukuma unga wa tambi, kisha zikapoa haraka. Molekuli zinaganda zikiwa shaghalabaghala, kila moja imezingirwa na polima, bila nafasi ya kuwafikia wenzake na kushikana mikono. Hali hiyo huitwa amofasi, na kioo cha dirisha ni mfano wake. Vidonge vya Kaletra vya namna hiyo viliidhinishwa Marekani Oktoba 2005, na havikuhitaji friji. Kidonge cha Norvir kisichohitaji friji kikafuata 2010. Ritonaviri hiyohiyo, kama kisaidizi, ndiyo iliyomo kwenye Paxlovid iliyotoka 2021 kwa ajili ya korona.

Umbo la I nalo halikupotea moja kwa moja. Abbott walijifunza kulitengeneza tena, kwa kuanza na mbegu zake na kufuata masharti makali ya usafi.

Na zile sindano za benzamidi za mwaka 1832? Mwaka 2007 kikundi cha Ujerumani kilichapisha jibu la kitendawili hicho, miaka 175 baada ya Wöhler na Liebig kuviona vyombo vyao vikibadilika. Ritonaviri yenyewe, molekuli ambayo pengine imechunguzwa kwa woga kuliko nyingine yoyote, ilionekana imekwisha: maumbo mawili, basi. Mwaka 2022, watafiti waliokuwa wakiiyeyusha kwa joto na kuiacha ijipange polepole, bila kimumunyishi chochote, walipata Umbo la III.