Sauti ya Bibi Ndani ya Kisahani

Baba mdogo alipofariki, kilichonifikia kutoka nyumbani kwake Kikatiti kilikuwa boksi la viatu. Ndani mlikuwa na kaseti nne zilizoota ukungu na kisahani kimoja kwenye kasha la plastiki, kidogo kuliko kiganja changu. Juu yake aliandika kwa kalamu: "Mama, Ngare Nanyuki, 2003." Baba mdogo alikuwa mtangazaji wa redio. Huyo Mama ni bibi yangu.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwa mbali. Kinaitwa MiniDisc. Sony walikitoa 1992, na waandishi wa redio wakakipenda kwa sababu mashine yake iliingia mfukoni na kisahani kilibeba dakika 74. Mimi nilidhani ni CD ndogo tu. Kumbe ni hadithi ndefu zaidi, inayoanzia London 1845.

Mwaka huo Michael Faraday alipitisha mwanga kwenye kioo kizito chenye risasi, mwanga ambao mawimbi yake yanatetema upande mmoja tu. Alipowasha sumaku-umeme, ule upande wa mtetemo ukageuka kidogo. Kwa mara ya kwanza mtu alionyesha kwamba sumaku na mwanga wanajuana. Miaka 32 baadaye John Kerr, mwalimu wa hisabati kwenye chuo cha ualimu Glasgow, alitangaza kwamba hata mwanga unaoakisiwa na ncha ya sumaku iliyosuguliwa ikang'aa hugeuka hivyo hivyo. Unageuka kidogo mno, chini ya nyuzi moja. Kwa karibu karne nzima jambo hilo lilibaki la maabara.

Kisahani cha baba mdogo kinaishi kwa hicho kidogo. Ndani yake kuna utando wa terbi, chuma na kobalti, mwembamba usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Wakati wa kurekodi, leza hupasha moto kidoa kimoja hadi karibu nyuzi joto 180, kikasahau sumaku yake. Koili upande wa pili inakipa mwelekeo mpya, juu au chini, kikapoa nao. Wakati wa kusoma, leza hupunguzwa nguvu na mwanga unaorudi hugawanywa mara mbili, kila nusu na jicho lake. Mashine inapima jicho lipi limepata zaidi. Juu au chini, moja au sifuri, hadi sauti ya mtu irudi.

Ndiyo maana kaseti zilikufa na kisahani kikapona. Kaseti ukiiweka karibu na sumaku ya spika inaharibika. Utando huu, ukiwa baridi, haujali.

Ila mashine ndiyo ilikuwa imekufa. Nilizunguka kwa mafundi wa Arusha mjini wiki mbili. Wengine walicheka: "Dada, hii tupa." Mmoja alikuwa na mashine ya zamani ya studio. Haina njia ya kunakili haraka, kwa hiyo tulichomeka waya kwenye tundu la hedifoni, tukawasha kompyuta, tukakaa kusikiliza mwanzo mwisho.

Niseme kwa nini nilihangaika. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki kupisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo mingi ikafa. Walielekezwa King'ori, jirani na Kikatiti. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuieleza kesi hiyo Umoja wa Mataifa, na 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakaitolea kitabu. Hayo yanajulikana. Lisilojulikana ni la nyumbani kwetu: wapo ndugu wanaosema baba yake Bibi alipokea fidia akaondoka kwa hiari. Neno hilo limewahi kuvunja kikao cha harusi.

Dakika ya 41, baba mdogo anamuuliza. Bibi ananyamaza kidogo, kuku wanalia nyuma. Kisha anasema: "Pesa waliileta. Baba akakunja dole gumba hivi, akaficha ndani ya ngumi. Akasema, dole hili ni langu."

Mimi ni mwandishi, najua shahidi mmoja hafungi kesi, tena shahidi ambaye wakati ule alikuwa msichana mdogo. Lakini kwa nusu karne tulibishana bila kumsikia yeye aliyekuwepo.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kikatiti na spika ndogo. Shangazi, ambaye miaka yote amekuwa upande wa wale wa fidia, alisikiliza akiwa ameinama. Ilipofika dakika ya 41 aliinua mkono.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Mara ya tatu nikaona naye amekunja dole gumba.