Kumbukumbu za Wazee wa Mpakani

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: neno hilo hukaaje kichwani mwa mzee, na umri hulifanyia nini?

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanachuo wangu hadi Malaba kuwasikiliza wazee. Mzee mmoja Mteso, aliyepita miaka 80, alitueleza jinsi alivyoona kwa macho yake watu wakiambiwa kwamba nchi ile si ya Uganda tena. Wanachuo waliandika kila neno. Usiku, mmoja wao alifanya hesabu. Jimbo la Mashariki la Uganda lilitiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 1920 iliitwa Kenya, mwaka 1902. Wakati huo mzee wetu alikuwa hajazaliwa; huenda baba yake mwenyewe alikuwa mtoto mchanga.

Je, alisema uongo? Hasha. Kumbukumbu haiwekwi ubongoni kama shilingi katika sanduku. Sura ya jambo huhifadhiwa upande mmoja, sauti upande mwingine, na kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi huyafunga yote pamoja. Kisha sehemu ya mbele ya ubongo huyatafuta, huyapanga, na kuuliza, "Hili niliona, au niliambiwa?" Sehemu hizo hupelekeana habari kwa nyuzi zilizovikwa utando wa mafuta, mithili ya nyaya zilizofunikwa vizuri. Mtu azeekapo, utando huo huchakaa, hipokampasi hupungua, na habari hutembea polepole. Jambo lenyewe hubaki, bali aliyelisema, na siku yake, hupotea upesi zaidi. Tena mambo ya zamani hudumu kuliko ya jana, kama alivyoandika Mfaransa Théodule Ribot mwaka 1881. Hayo ni uzee wa kawaida, wala si ule ugonjwa ulioelezwa na daktari Alois Alzheimer mwaka 1906.

Tulirudi kwa mzee. Mwanachuo mmoja akamwuliza kwa adabu, "Mzee, siku hiyo ulikuwa na umri gani?" Akanyamaza kitambo kirefu. Hatukumharakisha. Kisha akacheka, akasema, "La, ni baba aliyekuwa akisimulia kando ya moto, naye alisikia kwa babu." Baada ya hapo alitupa yale aliyoyaona kweli: jinsi watu walivyovuka kwenda kuwaona ndugu zao ng'ambo kabla ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 na wa Kenya mwaka 1963, na jinsi hofu ilivyotanda mpakani Desemba 1987, majeshi ya nchi hizi mbili yalipopigana Busia.

Msidhani kwamba kosa kama lile la kwanza ni dogo. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu za magharibi ya Kenya zilikuwa mali ya Uganda, akiegemea mipaka ile ya kale. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Ushahidi usiopimwa waweza kuwagombanisha ndugu.

Ndiyo maana Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1961, alifundisha kwamba masimulizi yapimwe kama hati zipimwavyo. Naye Gideon Were, mwana wa magharibi ya Kenya, alikusanya maneno ya wazee wengi, na mwaka 1967 akatoa historia ya Abaluhya. Hawakuwadharau wazee kwa sababu husahau, wala hawakuwaamini bila kulinganisha.

Basi, msomaji, nenda kwa babu na bibi yako ungali na nafasi. Uliza kama waliona au walisikia, na walisikia kwa nani. Ngoja jibu kwa subira, kwa kuwa linatoka mbali. Kisha mwulize na jirani. Neno la mzee haliharibiki, iwapo msikilizaji naye anajua kulitunza.