Tiba ya viungo kwa mbwa

Tiba ya viungo kwa mbwa ni matumizi ya mikono, mazoezi, joto, baridi na maji ili kumrudishia mnyama uwezo wa kutembea baada ya kuumia, kupasuliwa au kuzeeka. Kamwokya, mtaa uliobanana chini ya kilima cha Kololo jijini Kampala, ni rahisi kuiona tiba hii kuwa anasa ya matajiri wa kilimani. Hoja ya makala hii ni kinyume chake: asiye na fedha ya upasuaji wa pili ndiye anayeihitaji zaidi. Chukua mbwa mchanga aliyegongwa na bodaboda akavunjika mfupa wa paja. Mguu ukifungwa ukiwa umenyooka na kuachwa hivyo, ndani ya wiki chache msuli wa mbele wa paja hukauka na kushikamana na mfupa. Goti halikunjiki tena, na mara nyingi mguu huishia kukatwa. Mfupa umeunga, mguu umepotea. Kinga yake ni daktari kuufunga mfupa kwa chuma, kisha mwenye mbwa kumlaza ubavu na kulikunja goti taratibu, bila kulilazimisha, mara kadhaa kila siku. Mashine ya kutembeza mbwa majini ni ghali, kweli. Lakini taulo la kumshikilia kiuno kila nyumba inalo, na njia ya kupandia Kololo, akipelekwa polepole, humfanya aegemee miguu ya nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2006 ulifuatilia mbwa 22 ambao neva za uti wa mgongo zilikuwa zikidhoofika: waliofanyishwa mazoezi mengi waliishi wastani wa siku 255, wasiofanyishwa 55. Tofauti ni kubwa mno kiasi cha kutia shaka, kwani mwenye bidii ya mazoezi ndiye pia asiyeharakisha kukubali mbwa wake auawe kwa sindano. Kwa hiyo dai lipunguzwe: mazoezi hulinda misuli na viungo, hayafufui neva iliyokufa. Na mbwa asiyechanjwa akilegea miguu ya nyuma bila kuumia, asiguswe kabisa hadi daktari wa mifugo amwone, maana kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza.