Historia Fupi ya Neno "Kihami"

Neno kihami limetokana na kitenzi hami, yaani kukinga, chenye asili ya Kiarabu. Waliounda istilahi za sayansi walilitwaa kutaja kitu kisichopitisha umeme. Maana hiyo yaelekea kuwa wazi kwa atazamaye njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa, kupitia Dodoma na Singida, hadi Shinyanga: nyaya zimening'inizwa kwa vihami, nao umeme haufiki kwenye minara. Walakini, hata katika nyanda kavu za Singida kihami kina mpaka wake. Vumbi likigandamana juu yake, kisha likaloweshwa na umande, umeme huweza kutambaa usoni pake.

Mwaka 2007 wataalamu wa Würzburg, Ujerumani, walithibitisha jambo la ajabu zaidi, lililobashiriwa mwaka uliotangulia. Tabaka jembamba la zebaki na teluriamu, katika baridi kali, lilikuwa kihami ndani. Lakini lilipotiwa volteji lilipitisha umeme kingoni. Hapo hapakuwa na uchafu wa kulaumiwa. Ndiyo maumbile ya kitu chenyewe.

Basi fasili ya zamani haitoshi. Kihami ni kitu kizuiacho umeme mahali fulani, katika hali fulani.