Jazi ilivyoingia chuoni kwa jina la dansi

Mwanafunzi wa Marekani anayesomea uhandisi au uchumi leo aweza kuchukua jazi kuwa somo lake la pili, na hakuna atakayeshangaa. Haikuwa hivyo awali.

Mjini Frankfurt, Ujerumani, chuo cha muziki kilifungua darasa la jazi mwaka 1928, mwalimu akiwa Mátyás Seiber, mtunzi kutoka Hungary. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 walilifunga, na Seiber, aliyekuwa Myahudi, baadaye akahamia Uingereza.

Mwaka 1947 chuo cha ualimu cha North Texas, mjini Denton, kikawa cha kwanza Marekani kutoa shahada ya fani hiyo. Ila neno jazi lilinuka vilabu na ulevi, hivyo mafunzo ya Gene Hall yakaitwa ya bendi ya dansi. Ajabu ni kwamba huko Tanganyika bendi za dansi ndizo zilizojivunia jina hilo, Morogoro Jazz ikiwa mojawapo.

Lakini jina halikuwa fedheha kubwa zaidi. Muziki huo waliuzaa Wamarekani weusi, na chuo hicho hakikuwapokea weusi. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza waliingia mwaka 1956 tu, baada ya amri ya mahakama. Hadi hapo, kijana mweusi wa Denton aliweza kuupiga muziki huo mitaani, asiweze kuusomea chuoni mjini kwake.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Indiana kilianzisha shahada ya jazi chini ya David Baker, Mmarekani mweusi aliyesoma chuoni humo enzi ambazo jazi haikuwamo katika mitaala.